Kuchoka ni kimoja, kuchakaa ni kingine: wauguzi wa Rohero na karatasi ya zamu

Ukisimama saa kumi na mbili na nusu asubuhi karibu na soko kuu la zamani la Bujumbura, lile lililoungua tarehe 27 Januari 2013, utaona wafanyakazi wa namna mbili wakipishana. Wa kwanza wanashuka mabasini wakiwa na nguo zilizopigwa pasi, wanakwenda maofisini, mabenki na maduka ya Rohero. Wa pili wanatoka upande wa zahanati na hospitali. Makoti yao meupe wameyakunja ndani ya mifuko, nao wanatafuta basi la kuwarudisha Kamenge, Kinama, Musaga au Kanyosha. Hawa hawazungumzi. Wengine husinzia wakiwa wamesimama.

Hawa wa pili ndio wenzetu ambao tumeazimia kuandika habari zao safari hii.

Jumamosi moja tuliwaomba wachache wao waje tuketi pamoja katika chumba kimoja hapo hapo Rohero. Walikuja tisa: wauguzi watano, wakunga wawili, fundi mmoja wa maabara, na daktari kijana aliyekaa karibu na mlango kana kwamba alitazamia kuitwa wakati wowote. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hatutataja jina la mtu wala la mahali anapofanya kazi, maana mwenye kusema ukweli juu ya zamu yake aweza kuamka kesho akakuta amepangiwa zamu mbaya zaidi.

Aliyeanza ni mkunga mkubwa kuliko wote, ambaye wenzake humwita Mama tu. Amekwisha kupita miaka ishirini kazini. Alitueleza usiku mmoja ambao walipangwa wakunga wawili. Kabla ya saa sita mwenzake akapanda gari la wagonjwa kumsindikiza mama aliyehitaji kupasuliwa kwingine, naye akabaki peke yake na akina mama saba wenye uchungu. Zamu ilikuwa imeanza saa kumi na moja jioni. Lakini mchana wake hakuwa amelala, kwa sababu ana watoto na alikuwa na msiba wa jirani. Kwa hiyo ilipofika saa kumi na moja alfajiri, macho yake yalikuwa wazi kwa muda wa saa 23.

Saa hiyo alivuta dawa katika sindano kwa ajili ya mama aliyekuwa amejifungua muda huo huo, dawa inayokaza mfuko wa uzazi ili damu isimwagike. Akageuka, akaenda nayo kwenye kitanda kisicho chake. Wauguzi wasomao haya wanajua maana yake: dawa hiyo hiyo, kwa kipimo hicho hicho, akipigwa mama ambaye mtoto bado yumo tumboni, mfuko wa uzazi waweza kupasuka. Alikwisha kumfunua paja. Aliyemzuia ni bibi mmoja aliyekuwa ameketi sakafuni akimngojea binti yake. Alisema kwa upole, “Muganga, huyu bado hajazaa.”

“Nilimwambia asante,” alisema Mama, “nikaenda kwa mgonjwa wangu, nikamaliza kazi, nikapanda basi. Nyumbani nikakaa kitandani nikingoja woga unijie. Haukuja. Sikulia, sikutetemeka. Hapo ndipo nilipoogopa.”

Chumba kizima kilinyamaza. Kisha yule fundi wa maabara akasema neno ambalo tumelifanya kuwa kichwa cha makala haya. Alisema kuchoka ni kitu kimoja na kuchakaa ni kingine: aliyechoka akilala huamka mzima, lakini aliyechakaa hulala akaamka vile vile.

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1974 mwanasaikolojia aitwaye Herbert Freudenberger aliandika juu ya wafanyakazi wa zahanati moja ya bure mjini New York, ambako naye alikuwa akijitolea jioni baada ya kazi yake ya mchana. Aliwaona watu waliokuja na moyo mwingi wakiisha polepole: usingizi unapotea, hasira zinakuja upesi, na mgonjwa ambaye jana alikuwa ndugu leo anakuwa mzigo. Mwaka 1981 Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson wa Marekani walitoa maswali ya kupimia hali hiyo, wakaigawa katika mambo matatu: kwanza mtu kuishiwa nguvu za moyo, pili kumwona mgonjwa kama kitu, tatu kuhisi kwamba kazi yake haina faida yoyote. Mama hakuwa amesoma kitabu hicho, lakini lile la pili alikwisha kulieleza vizuri kuliko kitabu.

Sisi watu wa chama tunaguswa zaidi na kauli ya Shirika la Afya Duniani ya Mei 2019. Lilipotangaza orodha yake mpya ya magonjwa, ambayo ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022, lilieleza kwamba kuchakaa huku ni jambo litokanalo na kazi, tena kazi yenye shinikizo la muda mrefu lisiloshughulikiwa ipasavyo. Halikuliita ugonjwa. Wapo waliosikitika wakidhani limedharauliwa. Sisi twaona kinyume. Kama lingekuwa ugonjwa, mwajiri angesema: nenda katibiwe, upone, urudi. Madhali latokana na kazi, dawa yake inatafutwa pale kazi inapopangwa, yaani juu ya meza ambayo chama kina haki ya kuketi.

Hatusemi hivyo kwa mzaha. Wauguzi wawili walitusimulia jinsi mwajiri mmoja alivyosikia kwamba watu wake wamechoka akawaletea mtaalamu wa kuwafundisha namna ya kupumua na kutuliza mawazo. Somo lilipangwa saa moja na nusu asubuhi, ili waliokesha wasikose. Wakabaki saa mbili zaidi wakifundishwa kupumzika. Tulicheka sote, hata daktari wa mlangoni.

TAREHE 1 MEI 2006

Ili kuelewa mzigo huu ulivyojengeka Bujumbura hapana budi kurudi nyuma. Mwaka 2002, nchi ikiwa bado vitani, ulianza utaratibu wa kumtoza mgonjwa gharama za matibabu yake. Watu wengi hawakuwa na faranga. Ikawa mgonjwa aliyepona lakini hana cha kulipa anazuiwa hospitalini, wiki moja, mwezi, pengine zaidi, na shirika la Human Rights Watch liliandika habari hizo katika Septemba 2006. Wengi wamezungumza juu ya wale waliozuiwa, na ni haki. Lakini nani alikuwa akiwachunga? Mara nyingi ni muuguzi yule yule aliyewahudumia. Mmoja wa wazee katika kikao chetu alikumbuka jinsi alivyokuwa akimpita kila asubuhi mama mwenye mtoto mchanga, aliyekwisha kuruhusiwa na daktari, analala kwenye mkeka. “Mimi nilisomea kuuguza,” alisema. “Siku zile nikawa askari wa lango.” Jeraha la namna hiyo halimo katika hesabu ya saa za kazi, nalo humchakaza mtu upesi kuliko kukesha.

Kisha, katika sherehe ya Siku ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua watatibiwa bure katika hospitali na vituo vya serikali. Lilikuwa jambo jema, na hatutaki mtu asome makala haya akadhani twalipinga. Uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2010 ulikuta uzazi 60 katika kila 100 unafanyika katika vituo vya afya, na ule wa 2016–17 ulikuta 84. Nyuma ya tarakimu hizo kuna akina mama walio hai leo.

Lakini wagonjwa walikuja mara moja, ilhali wafanyakazi walibaki wale wale. Mwaka huo huo wa 2006 Shirika la Afya Duniani liliihesabu Burundi miongoni mwa nchi 57 zenye upungufu mkubwa kabisa wa wafanyakazi wa afya. Daktari hakufika hata mmoja kwa watu 10,000. Wenzetu walioitwa kusherehekea siku yao walirudi kazini tarehe 2 wakakuta foleni imefika barabarani. Hakuna aliyewauliza kabla. Ndiyo kusema zawadi ile ya serikali kwa wananchi ililipwa, kwa sehemu kubwa, kwa usingizi wa wauguzi na wakunga.

Aprili 2010 ukaenezwa nchi nzima utaratibu wa kulipa vituo kwa kadiri ya kazi waliyoifanya: wazazi wangapi, chanjo ngapi, wagonjwa wangapi, na ubora wake. Sehemu ya fedha hizo huwafikia wafanyakazi kama nyongeza, na wengi wameishi kwa nyongeza hiyo. Hata hivyo katika makaratasi yale yote ya kuhesabu, waliotuzungumzia walisema hawajaona mahali paliposema muuguzi alilala saa ngapi.

Yaliyofuata yanajulikana na kila msomaji. Mgogoro wa 2015, ambapo wengi waliondoka. Korona, iliyotangazwa kuingia nchini tarehe 31 Machi 2020. Kipindupindu, kilichotangazwa Bujumbura tarehe 1 Januari 2023. Homa ya nyani, iliyothibitishwa Julai 2024. Na katikati ya hayo, ukosefu wa mafuta ya magari. Katika mwaka 2024 foleni za mabasi hapo soko la zamani zilikuwa ndefu kiasi kwamba muuguzi mmoja wa Kanyosha aliamua kutembea. Aliondoka nyumbani saa kumi usiku ili afike Rohero kupokea zamu. Akichelewa nusu saa, yule aliyekesha hawezi kutoka. “Kwa hiyo nilikuwa nakimbia,” alisema, “si kwa kumwogopa mkubwa wangu, bali kwa kumwonea huruma dada aliyekuwa akiningoja.”

SHERIA INASEMAJE

Juni 1977 wajumbe wa serikali, waajiri na wafanyakazi walikutana Geneva katika mkutano wa Shirika la Kazi Duniani wakapitisha Mkataba namba 149 wa wauguzi, pamoja na Pendekezo namba 157. Mkataba unataka muuguzi asipungukiwe na haki za mfanyakazi mwingine yeyote katika saa za kazi, mapumziko ya wiki, likizo, uzazi na ugonjwa. Pendekezo linaingia ndani zaidi: siku ya kawaida isipite saa 8, na ikiongezwa saa za ziada jumla isipite 12; na kati ya zamu na zamu pawe na mapumziko ya saa 12 mfululizo. Tanzania iliutia sahihi mkataba huo mwaka 1983 na Kenya mwaka 1990. Burundi haimo katika orodha. Tusijidanganye lakini: wauguzi wa Mwanza na Kisumu wangetuambia kwamba sahihi peke yake haijawapa usingizi.

Saa 12 hizo hazikutolewa kwa huruma. Mwaka 1997 wachunguzi wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi ya mikono na akili kama aliyekunywa pombe kufikia kiwango ambacho nchi nyingi humkataza kuendesha gari. Akifika saa 24, ni kama amekunywa mara mbili yake. Mjini Boston, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, madaktari wanafunzi waliopangwa zamu ndefu za kukesha walifanya makosa makubwa 36 kwa mia zaidi ya walipopunguziwa zamu hizo. Na mwaka 2021 mashirika mawili ya dunia, la Afya na la Kazi, yalieleza kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki huongeza hatari ya kupatwa na kiharusi kwa 35 kwa mia. Mama alikuwa na saa 23. Kama dereva wa basi angekuwa na kileo kama hicho, abiria wangeshuka.

Sasa tufike penye uzito. Tulipowauliza wenzetu kama wanataka zamu zipunguzwe, tulidhani watapiga makofi. Hawakupiga. Muuguzi mmoja kijana akasema, “Mkinipa siku ya kupumzika, nitaenda kufanya kazi katika kliniki nyingine.” Wengine wakainamisha vichwa. Kati ya tisa, sita wana kazi ya pili. Rohero ina kliniki za watu binafsi karibu kila barabara. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, bei zinapanda, ada ya shule haingoji. Waajiri wanalijua hilo, nao hulitumia: mbona mnalia uchovu, na mapumziko tunayowapa mnayauza?

Hatuna jibu jepesi, na hatutamkemea mzazi anayetafuta ada. Ila twasema mambo mawili. La kwanza, mwajiri anayelipa mshahara usiotosha hana haki ya kumlaumu mtu kwa kuuza usingizi wake. La pili latuhusu sisi wenyewe. Katika vikao vyetu vya chama tumekuwa na desturi ya kuzungumza mshahara saa ya kwanza, mshahara saa ya pili, na watu wakitaka kutoka ndipo anaposimama mtu akasema, na zamu je? Tumetenganisha mambo yasiyotenganika. Faranga bila mapumziko humaliza mtu, na mapumziko bila faranga humpeleka mtu akachokee kwingine. Yule daktari wa mlangoni alitukumbusha kwamba kuna njia ya tatu ambayo wenzake wengi wameichagua, nayo ni kuvuka mpaka. Katika kundi lake la chuoni, alisema, waliobaki nchini anaweza kuwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Palikuwa na habari moja ya kutia moyo, nayo twaieleza bila kuipamba. Katika sehemu moja wanapofanya kazi watatu kati ya hao tisa, mjumbe wa wafanyakazi alikaa na msimamizi wa wauguzi jioni nne. Hawakuzungumzia fedha, kwa kuwa msimamizi hana fedha za kutoa. Walizungumzia karatasi ya zamu. Yaliyokubaliwa ni haya: karatasi ibandikwe mlangoni wiki mbili kabla, si usiku wa kuamkia, aliyekesha asiitwe siku hiyo, na hilo liandikwe, kubadilishana zamu kuwe kwa sahihi za wote wawili, na usiku pawe na chakula cha moto. Pia, mgonjwa akifariki usiku, asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu zitengwe dakika kumi na tano mlango ukiwa umefungwa, waliokuwapo wazungumze au wanyamaze, bila mtu kuulizwa kosa ni la nani. Mwanzoni wanaume waliliona hili kuwa jambo la kitoto. Sasa, tumeambiwa, wao ndio wanaokumbusha.

Watu zaidi hawakupatikana. Wakunga bado ni wawili usiku, na gari la wagonjwa likitoka anabaki mmoja. Kwa hilo barua imeandikwa na chama, na nakala yake tunayo.

Tulikuwa tunafunga kikao mama wa usafi alipoingia kutaka kufunga chumba. Alisikia maneno ya mwisho akasimama na ufagio wake. Akauliza kama zile dakika kumi na tano ni za waganga tu, kwa sababu yeye ndiye anayefua mashuka ya aliyefariki na kuosha damu sakafuni, naye huenda nyumbani na picha zile zile machoni. Tuliona aibu. Tulialika watu tisa, na hakuna kati yetu aliyefikiria kualika hata mfanyakazi mmoja wa usafi. Katika karatasi ya zamu tuliyokuwa tukiisifu hawakuwamo kabisa. Tulimpa kiti. Alizungumza kwa muda wa nusu saa, kwa Kirundi na Kiswahili, na Mama alimshika mkono muda wote.

Mpaka tunapeleka makala haya mtamboni, barua ya kuomba mkunga wa tatu haijajibiwa. Karatasi ya zamu ya mwezi huu tumeiona mlangoni. Chini kabisa, mtu ameongeza kwa kalamu ya mkono majina matatu ya wafanyakazi wa usafi, na msimamizi ametia sahihi yake pembeni.